Hema Sebuleni

Mwanaidi alilitandaza hema la marehemu mumewe sebuleni, akaanza kushona pale lilipochanika. Sudi, mdogo wa marehemu, alisimama mlangoni.

"Shemeji, mlima ule ulimuua kaka yangu. Watoto hawaendi."

"Aliangukiwa na mti," alijibu bila kuinua macho. "Hata hapa mjini miti huanguka. Mlima ule aliupenda, na wanangu sitawalea wauogope. Kesho tunapanda, na tutalala msituni."

"Wazee nitawaambia nini?"

"Waambie nimekataa kukatazwa."

Alikata uzi kwa meno, akalisimamisha hema katikati ya viti. Watoto wake wawili waliingia wakicheka, migongo yao ikilisukuma turubai huku na huko. Sudi alivua viatu polepole, akainama kuchungulia ndani.