Mlio wa Gololi

Evanthia alilizungusha gurudumu mpaka jasho likamtoka, na mashine ya soda haikutoa hata tone. Isingetoa. Haikuwa na maji wala gesi, na mabomba yake yalikwisha kuliwa na kutu. Akachukua chupa mbili tupu, akazigonganisha kama mtu anayepanga kreti, kisha akapaza sauti: "Petro, anza na za mkahawani! Wasije wakatutukana tena!"

Petro hakuwepo. Alikwisha kwenda zake, kama wafanyakazi wote.

Juu, bakora iligonga sakafu mara mbili. Baba ameridhika.

Mzee Argyris ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia gazoza, yaani soda, kwenye chupa katika mji ule wa mlimani, juu ya Volos. Mwanzoni walimcheka, eti anauza hewa. Baadaye hata padri alitoka ibadani na koo lake kavu, moja kwa moja mpaka kwa Argyris. Chupa zake zilikuwa zile zenye gololi shingoni: gesi huisukuma juu ikaziba, na ukitaka kunywa unaibonyeza kwa kidole gumba, paa! Mzee hakukubali mtu yeyote amfungulie. "Soda ni mlio," alikuwa akisema. "Utamu unafuata nyuma."

Kazi hiyo alimfundisha bintiye mwaka ule Miltos, mchumba wake, alipopotelea vitani Asia Ndogo. Evanthia alilala majira yote ya baridi akiutazama ukuta, chakula hataki, nywele hachani. Baba alimwinua, akamshikisha gurudumu. "Usifikiri, mwanangu. Zungusha tu."

Halafu chupa moja ikampasukia mzee usoni, ikamwondolea macho yote mawili. Halafu Sarandis, aliyekuwa mwosha chupa wake, akajenga kiwanda kule bandarini, chenye lori na vizibo vya bati. Mjini wakasema fadhila ya punda ni mateke. Maji yakazidi unga. Kabla ya Pasaka, Evanthia, aliyekuwa amekabidhiwa kila kitu, akaiuza karakana kwa Sarandis kimyakimya. Daktari alikwisha kumwonya kwamba moyo wa mzee hauwezi kubeba habari mbaya.

Basi akadanganya. Asubuhi alizungusha gurudumu kavu. Jioni alinunua soda ya Sarandis, akaimimina kwenye chupa ya gololi na kumpandishia baba. Lakini chupa ya kumiminiwa hailii, gololi imelala tu.

"Nimeshakufungulia, baba," alimwambia jioni ya kwanza.

Mzee alikunywa, akapangusa masharubu. "Mkono wako umekomaa, mwanangu."

Tangu jioni hiyo hakuomba hata mara moja kufungua mwenyewe. Evanthia alimshukuru Mama wa Mungu kwa kumsahaulisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi hiyo ya kumwita Petro, kabla hajaziweka chini zile chupa mbili, Sarandis alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nyuma yake walikuwepo wanaume wawili na mkokoteni wa nyumbu.

"Dada Evanthia, leo mashine inatoka. Wenzangu wa kiwandani wamechoka kungoja, wanataka karakana iwe ghala."

"Ngoja afe."

"Usiseme hivyo. Yule alinilea."

"Basi wewe ndiye utakayemuua. Asiposikia gurudumu kesho, utakuwa umemuua wewe."

Sarandis aliizungusha kofia vidoleni. "Niache nipande nimsalimie."

"Usimwambie! Nakupigia magoti, Sarandis. Sema unapita tu, sema chochote."

"Simwambii neno."

Akapanda. Evanthia alibaki chini, ameshika mhimili wa ngazi. Alisikia kiti kikivutwa. Alisikia baba akicheka kidogo, kisha sauti zikashuka, kisha kimya kirefu. Kupanda hakuthubutu, na kutoka nje hakuweza. Mmoja wa wale wanaume aliingia na kamba, akaanza kuipima mashine kwa macho, naye hakuwa na nguvu hata ya kumfukuza. Machozi yalimtoka tu, akayaacha.

Sarandis aliposhuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Rudisheni mkokoteni," aliwaambia watu wake. "Haitoki."

"Umemwambia?" Evanthia alinong'ona.

"Hakukuwa na la kumwambia."

"Mbona alikuwa amenyamaza? Sarandis, amejua?"

Sarandis alivaa kofia, akaivua tena. Aliwangoja wanaume watoke, akasogea karibu na kushusha sauti, isije ikafika juu.

"Dada, mimi nimechoka kuapishwa katika nyumba hii. Unaloniomba wewe, yeye ameniomba tangu Pasaka, siku ulipokuwa kanisani. 'Usiiondoe, Sarandis, na usimwambie kwamba najua. Msichana akikosa gurudumu, ataurudia ukuta.'"

Juu, bakora iligonga sakafu mara mbili.