Kanga ya Tunduni

Mwanakheri aligeuza samaki juu ya moto wa makumbi ya nazi, macho yakimchuruzika machozi kwa moshi. Machozi mengine hakuwa nayo tangu wamzike mwanawe, Makame. Pacha wa marehemu, Mize, alilala mkekani akikohoa.

Tundu la ukutani lilikuwa limezibwa kwa kanga. Mwanakheri mwenyewe ndiye aliyeliziba, kusi lilipoanza, ili upepo wa bahari usiwaingie watoto kifuani.

Mkwewe, Bi Zawena, alisimama mlangoni. "Daktari kasemaje, mwanangu?"

"Kasema kilichomuua si baridi, mama. Ni moshi."

"Sote tumekulia moshini. Mimi nimekaukia humu kama hao samaki wako, mbona nipo?"

Mize alikohoa tena, safari hii kwa muda mrefu. Mwanakheri akainuka, akaivuta kanga. Ilitoka ngumu, nyeusi, hata jina lake, yale maneno yaliyoandikwa pindoni, halisomeki. Upepo ukaingia.

"Utamuua na huyu," Bi Zawena alisema taratibu.

Mwanakheri alisimama na kanga mkononi, akiutazama moshi ukiliendea tundu polepole, na Mize akiugeuzia upepo uso wake.