Yai la Kumi na Mbili

Mkurugenzi wa Majanga alitangaza kwamba mradi wa kuku wa shangazi yake hautapata hasara hata chembe. Mkurugenzi alikuwa binti wa kidato cha pili aliyerudi likizo, na ofisi yake ilikuwa ndoo iliyopinduliwa kando ya mashine ya kutotoleshea mayai.

Vifaranga kumi na mmoja walitoka. Shangazi akapasua yai la kumi na mbili. Lilikuwa limechemshwa, kiini kigumu.

"Muuza mayai kaniona bwege," alisema, akichukua simu. "Sinunui kwake tena."

Mfuko wa sweta ya Mkurugenzi ukalia: pwi.

Shangazi akaishusha simu.

"Tahadhari kabla ya hatari, shangazi," binti alinong'ona. "Niliogopa umeme utakatika, nikatoa moja juzi, nikaliatamia mwenyewe. Hilo la kuchemsha nililiweka kuziba pengo."