Taa za Njano

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu Mbwambo aanguke na pikipiki yake kwenye ukungu wa mlimani. Mkewe Nakiete, aliyehamishiwa kufundisha ng'ambo ya mlima, alimkataza kabisa kupita tena njia ile.

"Nataka taa za ziada, zinazomulika mbali," Mbwambo alimwambia fundi dukani.

"Unapita wapi?"

"Mlimani. Kuna ukungu."

Fundi akazirudisha rafuni taa nyeupe alizokuwa amezitoa. "Hizi mwanga wake utakurudia machoni, kaka. Chukua za njano, tuzifunge chini." Akaunga moja kwenye betri, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ikaendelea kuwaka. Mbwambo aliinama akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeona dirisha la nyumbani kwake.

Zilipokwisha kufungwa, akampigia mkewe simu.

"Nimepata taa, mama Nembris. Niruhusu nije."

Nakiete akauliza, "Za kuaminika kweli?"

"Nimeziona zikiwaka ndani ya maji."

Akasikia kicheko alichokuwa amekikosa mno. "Basi njoo. Taratibu lakini."

Alasiri ile ukungu ulimshukia kwenye kona ya kwanza. Mbwambo akawasha taa. Barabara ikafunguka hatua kumi mbele yake, kisha kumi nyingine.