Vidonge Vilivyobaki

Daktari wa mifugo alisoma majibu ya maabara mara ya tatu. Usaha wa paka umejaribiwa dawa saba, na zote zimeshindwa kuua vijidudu vyake.

"Mama, huyu paka ulikuwa ukimpa nini?"

"Vidonge vyangu. Nikipata nafuu naacha, vinavyobaki namsagia kwenye maziwa. Kwangu hakitupwi kitu."

"Nimekwambia mara ngapi dozi humalizwa?" Daktari alipiga meza. Kweli, sikio la kufa halisikii dawa.

"Basi usinigombeze, mwanangu." Mama alifungua kitambaa mkononi. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kinang'aa kama nyanya. "Alinikwaruza wiki jana. Nimemeza vidonge vilevile, uvimbe unapanda tu. Hebu niandikie vingine."

Hasira zikamwisha daktari. Akaichukua tena ile karatasi, akaanza kuisoma upya kutoka juu.