Shimo la Kuivishia Ndizi

"Jumamosi, mchana, watu wakiwa gulioni. Hatapiga kelele."

Kokushubira alisimama papo hapo nyuma ya stoo, ungo wa kahawa mkononi. Sauti ilikuwa ya mumewe, kutoka ndani, kama anayeongea na simu. Eliud alinyamaza kidogo, kisha akaendelea: "Shimo nimeshachimba. Juu yake napanda mgomba, nani atajua?" Akanyamaza tena. "Nitasema kaondoka, kaenda kwa kaka yake. Wewe tulia hukohuko kwanza."

Kokushubira alirudi kinyumenyume mpaka jikoni, akakaa chini.

Kibanja kile cha Songambele, shamba la migomba walimoishi, kilikuwa chake, kaachiwa na baba yake. Mwaka mzima Eliud alimganda amwandikishie, naye akakataa katakata. Halafu mwezi uliopita akaacha ghafla. Akawa mpole, akawa anamchotea hata maji, wanawake wenzake wakaona wivu.

Na shimo lilikuwepo. Eliud alisema ni la kuivishia ndizi za rubisi, pombe ya harusi ya mdogo wake. Lakini jamani, nani huku asiyelijua shimo la ndizi? Ni la mviringo, linamfika mtu mapajani. Hili lilikuwa refu kama kitanda, na Eliud akisimama ndani lilimfika kifuani.

Siku mbili alimkwepa mumewe. Eliud akichukua panga, yeye anasogea mlangoni. Jumamosi asubuhi, mume alipokwenda kukata majani ya migomba, Kokushubira alitia nguo mbili kwenye begi akashika njia ya kwa kaka yake, Kihanga. Kila aliyemsalimu alimjibu hivyohivyo, kwamba anakwenda kwa kaka. Hakuthubutu kuongeza neno.

Karibu na kanisa alikutana na Vestina akienda gulioni. Vestina na Eliud walikuwa pamoja katika kikundi cha maigizo cha usharika, alichokianzisha Mwalimu Jovitha aliyetoka Bukoba. Ni mambo mapya hapa, na Eliud alikuwa akirudi mazoezini amejaa maneno: jukwaa, maleba, ambazo ni nguo za mchezo, na mkumbushaji, yule anayekaa nyuma ya pazia na daftari amnong'oneze aliyesahau. Hadithi yenyewe alikataa kuisema. Hadhira haiambiwi mapema, ndivyo alivyokuwa akijibu.

"Umepata mume," Vestina alimwambia. "Yaani akiletwa pale jukwaani, ukumbi mzima kimya. Juzi Mwalimu Jovitha mwenyewe alifuta machozi."

Kokushubira akamuuliza mchezo wenyewe unahusu nini.

Vestina akacheka, akasema basi asimwambie mtu. Ni ugomvi wa kibanja. Mtu anauawa, anafukiwa katikati ya migomba.

Kokushubira alihisi kama katuliwa mzigo wa kuni. Mazoezi, si simu! Si ndiyo maana alikuwa akinyamaza kila mara? Eliud mwenyewe alimweleza: mwigizaji akijifunza peke yake hunyamaza pale penye maneno ya mwenzake, ndipo aseme yake. Mtu mzima na akili zake, kumdhania hivyo baba wa watu! Alicheka mpaka machozi yakamtoka, Vestina asijue anacheka nini.

Vestina akatoa daftari la mchezo kwenye mkoba. Eliud alilisahau ukumbini, bora ampelekee, maana Jumapili wanavaa maleba. Kokushubira akalisokomeza kwenye begi, akageuza njia. Alirudi mbiombio, kama anayewahi mvua, na barabara ilikuwa tupu, watu wote wameshafika gulioni.

Alimkuta mumewe kando ya shimo, akipanga majani ndani yake. Akamwambia yote bila kuficha, aliyoyasikia stoo, woga wake, begi, safari. Akaomba radhi. Eliud alisikiliza ameinamia sepetu.

"Nani wamekuona na begi?" aliuliza.

"Kila mtu. Nitawaambia nini sasa? Nimewaambia naenda Kihanga."

Eliud akatikisa kichwa polepole. Baadaye akatabasamu, na Kokushubira akaona haya zaidi. Mtu mwema hivi! Akataka kumlipa wema, hakujua amlipe kwa kitu gani isipokuwa huo mchezo wake. Akamwambia atamsaidia kufanya mazoezi. Yeye atakuwa maiti, Eliud amfukie, kidogo tu, ili Jumapili mikono isimtetemeke mbele za watu.

Eliud alichomeka sepetu udongoni. Akasema hilo hata yeye hakuliwaza.

Akamshika mkono akamteremsha taratibu. Kokushubira akalala chali, majani yakiwa laini mgongoni, anga likionekana finyu huko juu kati ya migomba. Akakumbuka daftari. Akalitoa kwenye begi alilokuwa ameshuka nalo.

"Nitakuwa mkumbushaji wako," alisema. "Ukisahau nakunong'oneza."

"Sitasahau," Eliud alijibu.

Udongo wa kwanza ulimwangukia miguuni, mzito kuliko alivyotegemea. Wa pili ukatua tumboni. Kokushubira, huku akicheka na kuomba apunguze, akafungua ukurasa wa kwanza kutafuta maneno ya mumewe. Mwalimu Jovitha alikuwa ameorodhesha waigizaji wote kwa kalamu nyekundu, na jina la Eliud lilikuwa la mwisho.

"Eliud: maiti. Hana neno hata moja."