Baiskeli ya Makame

Bi Sikudhani alikataa kupanda basi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Ujerumani, na alitaka kuuona kwa miguu yake mji uliommeza mwanawe. Mkononi alifumbata ufunguo mdogo aliokabidhiwa hospitalini pamoja na nguo za Makame.

Walipofika stesheni, Kheri, rafiki wa marehemu, akamwonyesha mamia ya baiskeli zilizofungwa kwenye vyuma.

"Alikuwa akiiacha hapa, mama, anapanda treni kwenda kazini. Ila sijui ni ipi."

Bi Sikudhani akainama kwenye theluji, akaanza kujaribu kufuli moja baada ya jingine. Wapita njia wakamkodolea macho kama mwizi, na Kheri akawa anawaomba radhi kwa Kijerumani.

Mwishowe kufuli moja likafunguka. Kwenye usukani ilining'inia karatasi nyekundu.

"Inasemaje?"

"Manispaa wanasema haina mwenyewe. Wiki ijayo wataibeba. Tuichukue, mama?"

Bi Sikudhani aliichana ile karatasi. Akapangusa theluji kwenye kiti kwa ncha ya mtandio wake, kisha akalifunga tena kufuli.

"Twende zetu," alisema. "Akishuka kwenye treni asiikose."